Kalibu Inayobaki na Kalibu Inayovunjwa

Ukipita Mbwawa, huku Kibaha, siku yoyote isiyo ya mvua, hukosi kumwona mtu anafyatua tofali. Mchanga, saruji, maji kidogo, kalibu. Anajaza, anashindilia, anageuza, anafyatua, anarudia tena. Jioni tofali zimejipanga uwanjani na huwezi kusema ipi ilitoka ya kwanza na ipi ya mwisho. Ukimuuliza mtu kalibu ni nini, atakuonyesha hiyo: chombo kimoja kinachozaa vitu vingi vinavyofanana.

Na mimi nilijua hivyo mpaka siku niliyojaribu kusubu samaki.

Neno kwanza. Kusubu ni kumimina kitu kilichoyeyuka ndani ya kalibu, kikagandia humo na kuchukua umbo lake. Lipo kwenye kamusi zetu, ila siku hizi wengi tunasema tu "kumimina". Kalibu nalo limetoka kwenye Kiarabu, qalib, likazoea hapa mpaka fundi tofali analitumia bila kujiuliza.

Sasa samaki wangu. Sikuwa na madini wala tanuri, kwa hiyo nilifanya jaribio la mtu wa nyumbani. Nilifinyanga samaki wa ukubwa wa kidole gumba kwa nta ya nyuki, nikamwekea kijiti cha nta mdomoni kiwe njia ya kumiminia, kisha nikamfunika kwa udongo laini wa kichuguu. Nilipoona udongo umekauka sawasawa, nikauweka pembeni ya jiko la mkaa, mdomo ukiangalia chini. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64 hivi, hata maji hayajakaribia kuchemka. Ikachuruzika yote. Ndani likabaki tundu lenye umbo la samaki. Nikakoroga jipsam, nikamimina, nikasubiri.

Kumtoa samaki ilibidi niivunje kalibu. Alikuwa hana mkia, kwa sababu hewa ilinaswa mkiani na jipsam haikufika. Nikataka nirudie, halafu ndiyo nikagundua: nirudie na nini? Nta imeshamwagika na kalibu ni vigae. Kila nilichotumia kumpata samaki yule kiliisha kwa kumpata yeye.

Hapo nikaelewa kwamba kuna kalibu za aina mbili. Ipo inayobaki, kama ya tofali, na ipo inayovunjwa, kama ya samaki wangu. Inaonekana ni tofauti ya ufundi tu. Lakini ukiangalia historia ya watu wanaozungumza Kiswahili leo, aina hizi mbili zilitumika kwa makusudi mawili tofauti kabisa.

Tuanze na inayobaki, na kwa hiyo twende Katanga, kusini-mashariki mwa Kongo. Huko kuna mawe ya kijani, malakiti, ambayo ukiyachoma na mkaa kwenye tanuri lenye mivuo unapata shaba nyekundu. Wafuaji wa huko waliiyeyusha tena shaba hiyo na kuimimina kwenye kalibu za wazi, zisizo na kifuniko, wakapata vipande vyenye umbo la msalaba. Hapana uhusiano na Ukristo, umbo hilo ni la zamani kuliko mmisionari yeyote aliyefika kule.

Misalaba hiyo imepatikana kwa wingi kwenye makaburi ya kale ya bonde la Upemba, hasa eneo la Sanga. Mwanaakiolojia Mbelgiji Pierre de Maret aliipima na kuipanga kwa umri, akaona jambo la kuvutia. Kadiri karne zilivyosogea, kuanzia ile ya 14 hivi mpaka ya 18, misalaba ilizidi kuwa midogo na ilizidi kufanana. Ile ya mwanzo inatofautiana ukubwa. Ya baadaye unaweza kuichanganya usijue upi ni upi, kama tofali za Mbwawa.

Kwa nini ifanane? Kwa sababu imekuwa pesa. Kitu kikubwa na cha kipekee kinafaa kwa shughuli kubwa chache, mahari kwa mfano. Lakini ukitaka kitu cha kununulia na kuuzia kila siku, kati ya watu wasiojuana, lazima msalaba wangu na wako uwe na thamani moja bila mabishano. Noti ya elfu kumi uliyonayo mfukoni inafanya kazi kwa sababu hiyo hiyo. Kalibu inayobaki ndiyo ilisaidia kuleta makubaliano hayo.

Kuna na sababu ya kikemia. Shaba safi huyeyuka kwenye nyuzi 1,085, na ikiwa majimaji hufyonza gesi kutoka hewani na motoni. Inapoganda, gesi hizo zinatafuta pa kutokea. Ukiwa umeifungia ndani ya kalibu iliyofunikwa, unapata kitu chenye matundu matundu kama mkate. Kwenye kalibu ya wazi gesi inatokea juu, na ndiyo maana upande wa juu wa misalaba hiyo mara nyingi una mikwaruzo na mabonde. Mafundi wale hawakuwa na darasa la kemia, ila walijua shaba yao inataka nini.

Sasa turudi pwani, tupande kaskazini mpaka Lamu, kwenye kalibu inayovunjwa. Siwa unaifahamu, au umeiona pichani: baragumu kubwa linalopulizwa ubavuni. Zipo mbili maarufu kuliko zote. Ya Pate ni ya pembe za ndovu. Ya Lamu ni ya shaba iliyochanganywa, na ilisubiwa kwa njia ile ile niliyomharibia samaki wangu, yaani nta inayoyeyushwa itoke.

Ila siwa ni ngumu kuliko samaki, kwa sababu ndani iko wazi. Kwa kazi ya namna hiyo fundi huanza na moyo wa udongo, umbo la ule uwazi wa ndani. Juu yake anapaka nta kwa unene anaotaka chuma chake kiwe, na kwenye nta hiyo anachora nakshi zote. Kisha anafunika kwa udongo, anaacha njia za kumiminia na njia za hewa (ndizo nilizosahau mimi), na anapachika vishikizo ili nta ikishatoka moyo usianguke na kugusa ukuta. Halafu moto, nta inatoka, shaba inaingia mahali pake. Kuchanganya bati au zinki kunasaidia mara mbili: mchanganyiko huyeyuka kwenye joto la chini kuliko shaba safi, na hutiririka vizuri kwenye kona nyembamba.

Ufundi huu hauko kwenye siwa peke yake. Katika miaka ya 1980 mwanaakiolojia Mark Horton alichimba mji wa kale wa Shanga, kisiwani Pate, akapata sanamu ndogo ya simba ya bronzi iliyosubiwa kwa nta, ya mwaka 1100 hivi. Sura yake inafanana na kazi za India, jambo lisiloshangaza kwa mji wa bandari.

Kwa nini mtu ajisumbue hivyo, amalize nta yake na avunje kalibu yake kwa kitu kimoja? Kwa sababu alitaka kimoja. Siwa ilipulizwa kwenye shughuli za wenye mamlaka na koo kubwa, na haki ya kupigiwa siwa haikuwa ya kila mtu. Siwa zikiwa mia, hakuna siwa tena. Msalaba wa Katanga ulipata thamani kwa kufanana na wenzake, siwa ya Lamu ilipata thamani kwa kukosa mwenzake. Mwenye kutaka pesa alihitaji kalibu ibaki. Mwenye kutaka alama ya enzi, kalibu kuvunjika kulimfaa.

Lakini kuna swali ambalo samaki wangu aliniachia. Kama kalibu imevunjwa, ujuzi umebaki wapi? Jibu ni kwamba umebaki kwa fundi. Kalibu ya tofali inahifadhi sehemu ya ujuzi ndani yake: ukimpa kijana, kesho anafyatua. Kalibu ya nta haihifadhi chochote. Fundi asipokaa na mwanafunzi, kazi inaisha naye.

Unaweza kudhani basi Katanga walikuwa salama. Hawakuwa. Katika karne ya 19 shaba ile iliwavuta wafanyabiashara kutoka Unyamwezi na Usumbwa, na mmoja wao, Msiri, akajenga dola ya Garenganze juu ya biashara ya shaba, pembe na watumwa. Mwaka 1891 msafara wa Kapteni William Stairs, ukitumwa kwa maslahi ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, ulianza kutembea kutoka Bagamoyo, mkoa wetu huu huu wa Pwani, ukafika kwa Msiri. Desemba mwaka huo Msiri akauawa kwa risasi. Mwaka 1906 ikaundwa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, na mwaka 1911 tanuri lake la Lubumbashi likaanza kutoa shaba. Matanuri ya wenyeji yakawa yameshazimika. Miaka ya 1920 mmisionari Jean-Félix de Hemptinne aliwakuta wazee waliokuwa bado wanaikumbuka kazi, wakamwonyesha, akaiandika. Wangechelewa kidogo, tungebaki na misalaba bila maelezo.

Angalia kilichofuata. Katanga ilipojitenga mwaka 1960 iliweka misalaba mitatu ya shaba kwenye bendera yake. Mobutu akaja kuubadilisha mkoa jina mwaka 1971, ukaitwa Shaba, neno letu kabisa, mpaka 1997. Jina likabaki na picha ikabaki, wakati mikono iliyojua kazi yenyewe ilikuwa imeshakwenda. Kalibu inayobaki haikutosha. Nayo ilihitaji mtu wa kuitumia, na sababu ya kuitumia.

Ndiyo maana nakuomba ujaribu mwenyewe. Nta, udongo wa kichuguu na jipsam havihitaji mtaji. Ila sikiliza mambo mawili. La kwanza, kalibu yoyote ya kumiminia kitu cha moto lazima iwe kavu kabisa. Maji yakigeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara 1,600, na hilo likitokea chini ya aluminiamu ya nyuzi 660, kinachokurukia usoni si mvuke peke yake. Madini waachie mafundi wenye vifaa, nenda ukaangalie kwao. La pili, usiyeyushe risasi nyumbani, hata ya betri ya gari, hata kama ni kwa ajili ya vizito vya nyavu. Inayeyuka kwa urahisi kwenye nyuzi 327, jiko la mkaa linatosha, na hapo ndipo hatari ilipo: vumbi na moshi wake huingia mwilini, na kwa ubongo wa mtoto hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama.

Ukishajaribu, andika ulichofanya: udongo gani, siku ngapi za kukauka, njia ya hewa uliiweka wapi. Na ukimfahamu mzee mfua vyuma au anayesubu masufuria, kaa naye, muulize, andika. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji.

Samaki wa pili nimeshamfinyanga. Safari hii nimemwekea njia ya hewa mkiani.