Kipandio cha Saba

Waarabu wanauita mji huu Al-Khalil, na msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi: khalili ni rafiki wa dhati, na Ibrahimu ndiye Khalilullah. Wayahudi wanauita Hebron, jina ambalo wengi wao hulihusisha na neno lao la rafiki. Rafiki ni yuleyule, na kinachogombewa ni kaburi lake.

Kitabu cha Mwanzo kinasimulia jinsi lilivyopatikana. Sara amefariki, na mumewe ni mgeni asiye na hata shubiri ya kumzikia. Efroni Mhiti anamwambia achukue shamba na pango bure. Ibrahimu hataki; anampimia shekeli 400 za fedha mbele ya wazee langoni, kama mtu anayejua kwamba ardhi ya kupewa huzaa kesi. Kumbe hata ya kununua.

Mfalme Herode alilizungushia pango ukuta ambao ungali umesimama, mawe yake mengine yakizidi mita 7 kwa urefu. Ndani ya ukuta huo lilikuja kanisa, ukaja msikiti, likaja kanisa tena la Wapiganaji wa Msalaba, hadi Salahuddin alipourudisha msikiti mwaka 1187 na kuuletea mimbari ya mbao kutoka Ashkelon. Lakini amri iliyodumu kuliko zote ni ya Sultani Baybars, ya 1266: Wayahudi na Wakristo wasiingie. Desturi ikaja kukaa kwamba Myahudi apande ngazi za nje mpaka kipandio cha saba, asiongeze hata kimoja. Karibu na hapo palikuwa na tundu ukutani, nao wakachomeka humo vijikaratasi vya maombi, wakiamini vitamfikia babu yao chini. Hali hiyo ilidumu miaka 700.

Hata hivyo, watu waliishi pamoja. Wayahudi waliofukuzwa Hispania mwaka 1492 walifika, na mwaka 1540 sinagogi lao likasimama. Zabibu za vilima vile zililisha wote: Waislamu walizichemsha kuwa dibs, asali nzito ya matunda, na Wayahudi wakazikamua divai.

Jumamosi ya tarehe 24 Agosti 1929, chini ya utawala wa Waingereza, uvumi kwamba Wayahudi wanataka kuuteka Msikiti wa Al-Aqsa ulifika na marungu na visu. Wayahudi 67 waliuawa, wengine ndani ya nyumba walimojificha. Mamia walipona, wengi wao kwa kufichwa na majirani Waarabu, na kila upande hupenda kusimulia nusu moja tu ya habari hiyo. Waingereza wakawahamisha waliobaki.

Juni 1967 jeshi la Israeli liliuteka mji, na Wayahudi wakavuka kipandio cha saba. Pasaka ya mwaka uliofuata, kundi la Rabi Moshe Levinger lilipanga vyumba Park Hotel. Hawa nao waliingia kama wageni. Sikukuu ikaisha, hawakutoka. Mwishowe serikali ikawajengea Kiryat Arba, ubavuni mwa mji.

Alfajiri ya Ijumaa, 25 Februari 1994, mwezi wa Ramadhani, daktari mlowezi Baruch Goldstein aliingia msikitini na bunduki akaua Waislamu 29 wakiwa katika swala. Waliofiwa ndio waliofungiwa mtaa: barabara ya Shuhada, iliyokuwa moyo wa biashara, ilizibwa, na milango ya nyumba za Wapalestina ikachomelewa. Mkataba wa 1997 uliugawa mji. Asilimia 20 hivi ikabaki mikononi mwa jeshi la Israeli, linalolinda walowezi mia kadhaa. Juu ya soko la zamani wenye maduka wametandaza nyavu za waya, na ndani yake zimenasa takataka zinazotupwa na walowezi kutoka ghorofani.

Jengo la kaburi nalo limegawanywa kati ya msikiti na sinagogi. Makaburi ya Isaka na Rebeka yako upande wa msikiti, ya Yakobo na Lea upande wa sinagogi, na kila upande hupata jengo zima siku 10 kwa mwaka. Ibrahimu yuko katikati. Kaburi lake lina dirisha la nondo upande huu na jingine upande ule, na kati ya madirisha hayo kuna kioo kisichopenya risasi.