Mwakiro na Ramani Zilizofika Zikiwa Amri

Mgeni anayetazama vilima vya Mwakiro, katika uliokuwa mkoa wa Muyinga nchini Burundi, huona nyumba zilizotapakaa migombani na kuhitimisha kwamba mahali hapa hapajapata kupangwa. Anakosea. Urugo, boma la kaya ya Kirundi, una mpangilio unaosomeka: ua wa minyaa ndio mpaka, migomba iko jirani na nyumba ambako samadi na maganda hufika bila kubebwa mbali, maharage na mihogo hufuata mteremkoni, na bondeni hulimwa kiangazi. Mipaka haikuandikwa; ilikaa vichwani mwa bashingantahe, wazee waamuzi wa kilima. Kwa hiyo watu wa vilimani wanaposita mbele ya mipango ya makazi, sababu si kutojua kupanga. Wanachokitilia shaka ni ramani inayofika ikiwa amri.

Miji yenyewe inatoa ushahidi. Wajerumani walipohamishia makao yao ya utawala Gitega mwaka 1912, walijenga kituo cha kutawalia, wala hawakuwa na nia ya kuwapa Warundi mji. Wafanyabiashara waliotoka pande za Tanganyika na Kongo, wengi wao Waislamu wasemao Kiswahili, walikaa kando ya vituo kama hivyo, na ndiyo asili ya mitaa ya Waswahili katika miji ya Burundi. Wabelgiji, walioingia mwaka 1916, waliukoleza mtindo huo. Kule Usumbura, Bujumbura ya leo, Buyenzi na mtaa uliokuja kuitwa Bwiza viliwekwa nje ya mamlaka ya kimila, barabara zikanyooka kama uzi. Zilinyooka vizuri, lazima tukubali. Buyenzi bado inahesabiwa kwa namba za barabara zake. Lakini shabaha ilikuwa kuwatenga Waafrika na Wazungu na kuwafanya wahesabike kwa urahisi. Neno “Mswahili” nalo likabeba dharau, likawa la mtu mjanja asiye na kilima, ilhali watu hao walikuwa miongoni mwa wa kwanza kujifunza ujirani wa mjini.

Vijijini mkono ulikuwa mzito zaidi. Kati ya 1996 na 2000, wakati wa vita, serikali iliwakusanya wakulima kwenye kambi kwa jina la usalama. Katika Bujumbura Vijijini peke yake, operesheni ya Septemba 1999 iliwagusa watu zaidi ya 300,000. Kambi hizo zilivunjwa baada ya shinikizo kubwa, likiwemo la Nelson Mandela, msuluhishi wa mazungumzo ya amani ya Burundi huko Arusha. Aliyelala kambini humo, akaliona shamba lake kwa mbali bila kuruhusiwa kulilima, hawezi kusikia neno “kijiji” kama alisikiavyo afisa wa mipango.

Kuna pingamizi ambalo halipuuziki. Sensa ya 2008 ilihesabu watu milioni 8 na ushei katika nchi yenye kilomita za mraba 27,834, na tangu hapo wameongezeka sana. Kupeleka bomba na umeme kwenye kila boma ni ghali, na kila nyumba mpya inakula shamba. Ni kweli. Lakini hoja hiyo inathibitisha faida ya kukaa karibu, haithibitishi faida ya kulazimishana. Tanzania ilihamisha mamilioni kwa Operesheni Vijiji miaka ya 1970, na pengi watu waliwekwa mbali na mashamba yao. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 nchini mwao nao walipangiwa viwanja huko huko Tanzania, Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakaishi na kulima humo kwa miongo. Tofauti naiona kwenye shamba: mkimbizi alipewa makazi pamoja na ardhi ya kulima, na umbali kati ya mlango na jembe ulihesabiwa.

Muyinga mjini kuna mfano mdogo wa njia nyingine. Maktaba iliyokamilika mwaka 2012, kazi ya wasanifu wa BC Architects kutoka Ubelgiji, ilijengwa kwa matofali ya udongo wa hapo hapo, nayo ina baraza refu lenye kivuli linalofuata desturi ya nyumba za eneo hilo. Wageni walichora, ila waliuliza kwanza watu hukaa wapi wakizungumza.

Kuuliza kwanza kuna uzito zaidi tangu Gitega ilipofanywa mji mkuu wa kisiasa mwaka 2019. Sheria ya ardhi ya 2011 ilileta ofisi za ardhi za tarafa na vyeti vyake, na kila kilima kina baraza lililochaguliwa la watu watano: vyombo vya kuulizia vipo. Lakini marekebisho yaliyotekelezwa mwaka 2025 yamepunguza mikoa kutoka 18 hadi 5 na tarafa kutoka 119 hadi 42. Muyinga imeingia mkoa mpya wa Buhumuza, ambao makao yake ni Cankuzo. Kwa vilima vingi ofisi inayotunza daftari la mipaka inaweza kuwa mbali zaidi, na wazee waliokuwa na mipaka hiyo kichwani wanazidi kupungua.