Lishe ya Mama Mjamzito na Anayenyonyesha Mwenye VVU

Mkoa wetu wa Ruvuma huvuna mahindi kwa wingi, lakini ugali peke yake haumtoshi mama mjamzito au anayenyonyesha, hasa anayeishi na VVU. Mwili wake huutunza uhai wake, humlisha mtoto na kupambana na virusi kwa wakati mmoja. Kwa hiyo, hata asipokuwa na dalili za ugonjwa, huhitaji nguvu ya chakula kwa takriban asilimia 10 zaidi ya mama mwingine.

Nyongeza hiyo ipo mashambani mwetu na Ziwa Nyasa: maharage, karanga, dagaa, mayai, majani ya maboga na matunda. Vidonge vya madini ya chuma vinavyotolewa kliniki vimezwe kila siku. Chai isiandamane na mlo, kwani hupunguza ufyonzwaji wa madini hayo.

Mama anayetumia ARV bila kukatiza amnyonyeshe mtoto maziwa yake pekee kwa miezi 6, pasipo maji wala uji. Kisha aendelee kunyonyesha pamoja na vyakula vya nyongeza. Pasipo kinga yoyote, watoto 15 hadi 45 kati ya 100 huambukizwa na mama zao. Kwa tiba sahihi, hupungua hadi chini ya 5.

Ndugu waamini, bibi asiharakishe uji, wala mume asijitengee kitoweo chote. Tena, mama asilazimike kuficha dawa zake nyumbani mwake mwenyewe: dawa iliyofichwa husahauliwa, na anayeumia ni mtoto.