Undugu wa Jembe na Kijembe katika Nchi ya Geita

Kisu kidogo cha kukunja, kitiwacho mfukoni, huitwa kijembe, yaani jembe dogo. Nao Wasukuma wa Shinyanga husema igembe kwa jembe. Huko Geita, nchi ambayo leo hutajwa kwa dhahabu tu, undugu wa maneno haya waeleweka upesi, kwa kuwa mkono mmoja ulifua jembe na kisu. Wahunzi Warongo waliyeyusha chuma kwa makaa na mivukuto, wakafua majembe yaliyolipwa mahari na kupelekwa hata Tabora, na visu pia. Lakini kisu chao hakikukunjwa: msuka uliingia katika mpini wa mti, nacho kilitaka ala. Kijembe cha kukunja kilitoka ng'ambo, kama majembe ya kiwandani yaliyozima tanuri zao katika karne ya 20. Ni chepesi kweli, wala hakihitaji ala. Hata hivyo achaguaye cha kuchukua kila siku atazame kwanza kamani na msumari wa kiungo. Vikilegea, ubapa hujifunga juu ya vidole vya mwenyewe. Hatari hiyo kisu cha Mrongo hakikuwa nayo.