Chuma kisichoshika kutu huweza kupasuka

CHUMA cha pua kisichoshika kutu, kile kinachotengenezewa vijiko na masinki, ndicho pia hutumika katika mabomba mengi ya vituo vya nyuklia. Kinga yake hutokana na madini ya kromi, ambayo hufanya utando mwembamba mno juu ya chuma. Utando huo ukikwaruzwa, hujirudisha wenyewe.

Hata hivyo, upo uharibifu ambao utando huo haukomeshi: mpasuko unaoletwa na ulikaji pamoja na mkazo. Sharti mambo matatu yakutane, yaani chuma chenye udhaifu, maji yanayokidhuru na nguvu inayokivuta bila kukoma. Bomba halitoboki kama bati la nyumba iliyo karibu na bahari. Kwa nje hung'aa kama kawaida, ilhali ufa mwembamba unapenya ukuta wake kutoka ndani.

Nyufa hizo hupenda kuanzia kando ya maungio yaliyochomelewa. Chuma kinapopoa hujivuta, na mkazo ukabakia humo. Aidha, joto hufanya kaboni kuikamata kromi kwenye mipaka ya chembechembe za chuma, na mipaka hiyo ikabaki bila kinga. Hayo yalionekana Marekani katika miaka ya 1970, kikiwemo kituo cha Dresden, jimbo la Illinois, mnamo 1974. Dawa ilikuwa kutumia chuma chenye kaboni kidogo na kupunguza oksijeni majini.

Vinu vya aina nyingine, ambavyo maji yake hushinikizwa yasichemke na karibu hayana oksijeni, vilidhaniwa kuwa salama. Dhana hiyo ilitikisika Ufaransa mwishoni mwa 2021, wakati ukaguzi wa mawimbi ya sauti katika kinu cha Civaux 1 ulipogundua nyufa karibu na maungio ya mabomba ya kupeleka maji ya dharura, yanayotegemewa kupoza kinu pakitokea uvujaji mkubwa. La kushangaza ni kwamba chuma chenyewe kilikuwa kile chenye kaboni kidogo. Uchunguzi ulielekeza lawama kwa mpangilio wa mabomba: maji ya moto na yaliyopoa yalikaa kwa matabaka, na tofauti hiyo ya joto ikazidisha mkazo.

Gharama ilikuwa kubwa. Katika 2022, vinu 12 kati ya 56 vya nchi hiyo vilikuwa vimezimwa kwa wakati mmoja kwa sababu hiyo. Ufaransa, muuzaji mkubwa wa umeme, ikanunua nje kuliko ilivyouza, kwa mara ya kwanza baada ya miaka 42. Shirika la umeme, EDF, liliagiza wachomeleaji wapatao 100 kutoka Marekani na Kanada, kwani kila fundi huruhusiwa kiasi maalum tu cha mnururisho.

Machi 2023 ilitangazwa habari nzito zaidi. Katika kinu cha Penly 1, ufa ulikuwa umepenya milimita 23 ndani ya bomba lenye unene wa milimita 27. Sehemu hiyo haikuhesabiwa miongoni mwa zilizo hatarini. Kumbe ungio lake lilikuwa limerekebishwa mara mbili wakati wa ujenzi, miongo kadhaa awali, na marekebisho hayo yakaacha mkazo ndani ya chuma. Bomba halikuvuja, lakini EDF ililazimika kupitia upya kumbukumbu za ujenzi na kuyapa kipaumbele maungio yote yaliyowahi kurekebishwa.