Tohara ya Kitabibu, Haya na Ndoa: Wanaume Watu Wazima wa Mbeya na Iringa baada ya 2007

Kabla ya 2007, tohara haikuwa suala la hospitali kwa wenyeji wengi wa Nyanda za Juu Kusini. Wahehe wa Iringa na Wanyakyusa wa Mbeya hawakuwa na jando la kutahiri. Waliotahiriwa walikuwa hasa Waislamu na watu wa jamii zenye desturi hiyo. Mambo yalibadilika baada ya majaribio ya Orange Farm nchini Afrika Kusini, Kisumu na Rakai kuonesha kwamba tohara hupunguza kwa takribani asilimia 60 uwezekano wa mwanamume kuambukizwa VVU na mwanamke. Machi 2007 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza. Utafiti wa kitaifa wa 2007/08 uliikuta Iringa, iliyojumuisha Njombe wakati huo, na maambukizi ya karibu asilimia 16, ilhali kiwango cha nchi hakikufika asilimia 6. Mbeya na Iringa zikaingizwa katika mikoa 8 ya kipaumbele.

Katikati ya 2010, kampeni ya wiki 6 mkoani Iringa ilitahiri zaidi ya watu 10,000. Kwa wapangaji huo ulikuwa ushindi. Hata hivyo, waliojitokeza walikuwa hasa vijana wa rika la balehe, si wanaume wenye wake na wapenzi ambao hatari ya maambukizi ilikuwa tayari mlangoni mwao.

Sababu za watu wazima kusita zinaeleza zaidi kuliko takwimu. Mtu mzima aliona haya kuketi benchi moja na watoto wa rika la mwanawe, kisha kuvuliwa nguo mbele ya muuguzi wa kike. Wiki 6 za kujizuia kukutana kimwili zilimtia wasiwasi juu ya ndoa yake. Mke naye angeweza kuuliza: kwa nini sasa, na kwa ajili ya nani? Wengine walihofia nguvu za kiume. Hofu hii ya mwisho ilipata jibu Kisumu, ambako matatizo ya tendo la ndoa hayakutofautiana kati ya waliotahiriwa na wasiotahiriwa. Maswali mengine hayakujibika hivyo, kwa kuwa hayakuhusu mwili.

Jambo moja wenyeji waliliamua wenyewe: majira. Wakiamini kidonda hupona upesi wakati wa baridi, walifurika vituoni Juni hadi Agosti, na kampeni zikapangwa kufuata kipupwe.