Mtoto wa Mombasa Aliyejenga Duduville

Siku moja pale stejini Ukunda nilimuuliza kijana wa boda kama anamjua Odhiambo.

"Yupi? Kuna fundi wa friji, halafu kuna yule wa kanisani."

Nikamwambia Profesa, yule wa wadudu. Akacheka. "Huyo basi atakuwa kwao, bara."

Jibu lile lilinikaa kichwani, kwa sababu Thomas Risley Odhiambo alizaliwa Mombasa, mwaka wa 1931. Ukivuka feri tu, ushafika. Lakini jina ni la Kijaluo, na pwani hii jina husomwa kabla ya cheti cha kuzaliwa. Ndiyo maana nataka kumsimulia kutoka upande huu wa feri, ambako karibu hakuna anayemtaja.

Shule alisoma Maseno, kisha Makerere, kisha akaajiriwa na idara ya kilimo Uganda. Kazi yenyewe ilikuwa wadudu wanaoharibu mazao. Lakini mtu wa aina yake hawezi kuangalia tu yule anayekula pamba. Mwaka wa 1959 alichapisha utafiti juu ya mdudu mmoja mwindaji anayeitwa Rhinocoris albospilus, na mimi, katika yote aliyoandika, ndio huo ninaoupenda zaidi. Huyu mdudu anaishi kwa kuchoma wengine mdomo na kuwafyonza. Mkatili kabisa. Ila jike akishataga, anayebaki na mayai ni baba. Dume husimama juu ya mayai yale siku baada ya siku, akifukuza nyigu wadogo sana wanaotaka kutaga yao ndani yake. Majike wengine nao huja kuongeza mayai kwenye rundo lile lile, na yeye analinda yote.

Kwa wadudu hiyo ni nadra mno. Mama kulinda, sawa, hutokea. Baba? Wachache wa kuhesabika. Na aliyekaa chini akaangalia na kuandika alikuwa afisa wa kilimo wa miaka ishirini na kitu, wakati ambapo sayansi ya Afrika iliandikwa karibu yote na wageni.

Baadaye akaenda Cambridge, kwa Vincent Wigglesworth, bingwa wa homoni za wadudu aliyejulikana kwa kukata vichwa vya wadudu wafyonza damu ili aone kama wataendelea kukua. (Wadudu wale ni wa ukoo mmoja na yule baba wa Uganda. Dunia ndogo.) Odhiambo akachukua nzige wa jangwani, akafuatilia homoni zinazomkomaza dume, na mwaka wa 1965 akapata shahada ya uzamivu.

Hapo ndipo wengi wangebaki, maabara ipo na mshahara upo. Yeye akarudi Nairobi kufundisha, na mwaka wa 1967 akaandika makala katika jarida la Science akieleza kwa nini Afrika Mashariki inahitaji vituo vyake vya utafiti vya kiwango cha juu kabisa, si matawi ya vituo vya wengine. Makala hiyo ilisomwa na watu wenye uzito, akiwemo Carl Djerassi, mkemia anayehusishwa na tembe za kupanga uzazi. Mwaka wa 1970 ICIPE ikazaliwa, kituo cha kimataifa cha wadudu, kikianzia kwenye majengo duni ya Chiromo. Makao yaliyojengwa baadaye Kasarani yaliitwa Duduville. Mimi kila nikilitaja hilo jina nacheka. Angeweza kuchagua neno la Kilatini, akachagua dudu.

Safari zikawa nyingi. Trieste, Italia, walikuwa na Abdus Salam kwenye chuo cha wanasayansi wa nchi zinazoendelea, na kutoka huko ikaja Akademia ya Sayansi ya Afrika mwaka wa 1985, yeye akiwa rais wake wa kwanza. Mwaka wa 1987 akapokea Tuzo ya Afrika ya uongozi wa kumaliza njaa, pamoja na Abdou Diouf, rais wa Senegal. Lakini nisimfanye malaika. Miaka ya mwanzo ICIPE ilikuwa homoni na darubini kuliko jembe, na mkulima wa Kwale angekuwa na haki ya kuuliza: hizo homoni za nzige zinanihusu nini?

Jibu lilichelewa, ila lilifika hadi huku kwetu. Ukitoka Ukunda kama unaenda Msambweni, kisha ukakunja kulia kuiacha bahari, unafika Muhaka. ICIPE ilikuwa na kituo pale. Tatizo lilikuwa funza wa mabua anayeitwa Chilo partellus. Si wa hapa, ni wa Asia. Aliripotiwa Afrika kwa mara ya kwanza miaka ya 1930, Malawi, na akapanda na pwani akiingia ndani ya mahindi na mtama. Kwa kuwa adui zake alikuwa amewaacha kwao, huku alikuwa anakula bila bughudha. Kwa hiyo watafiti, wakishirikiana na chuo cha Wageningen cha Uholanzi, wakaenda Pakistan kumletea adui yake: nyigu mdogo, Cotesia flavipes, ambaye hutembea hadi ndani ya tundu la funza na kumtagia mayai mwilini. Mwaka wa 1993 wakawaachilia mashambani pwani kusini.

Odhiambo si yeye aliyefungua vichupa. Alikuwa mkurugenzi, na mwaka uliofuata akaondoka, nafasi ikachukuliwa na Hans Herren. Lakini ona mzunguko wenyewe: kijana aliyemtazama baba mdudu akifukuza nyigu, mwishowe kituo alichokijenga kikawakaribisha nyigu.

Mwanzoni walionekana wachache sana, hata mtu angesema mradi umekufa. Kisha wakazoea, wakasambaa, funza wakapungua.

Katikati ya miaka hiyo, Agosti 1997, kituo cha polisi cha Likoni kilishambuliwa. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Karatasi zilikuwa zimesambazwa zikiwaambia watu wa bara warudi kwao. Wajaluo, Wakamba, Wakikuyu, Waluhya, makumi waliuawa na maelfu wakakimbia, na vibanda vikachomwa hadi huku Diani. Hakuna aliyeuliza nani alizaliwa wapi. Mtoto wa Mombasa mwenye jina la Odhiambo angeambiwa arudi kwao, na kwao kungekuwa wapi? Nyigu wa Pakistan, miaka minne tu tangu waachiliwe, walikuwa wanaendelea kuzaana kwenye mahindi ya Wadigo.

Profesa alifariki Nairobi Mei 2003. Huku Diani sijaona barabara, darasa wala hata ukuta wenye jina lake.

Msimu wa mvua uliopita nilikuwa shambani kwa mama mmoja karibu na Muhaka. Alikuwa akipasua mabua yaliyonyauka, akitafuta funza wa kuwatupia kuku. Bua moja likafunguka, ndani funza amekauka, na pembeni yake vifuko vyeupe vidogo vidogo vimebanana kama punje za mchele.

"Hivi ni mayai yake hivi," akasema, akavikung'uta kwenye kiganja. "Kuku wanapenda."

Nikamwomba asiwape. Akaniangalia kama nimechanganyikiwa, kisha akavirudisha ndani ya bua na kuliegemeza kwenye mche mwingine.